Siku moja kwenye chumba cha kamera, Malindi: tanzi la moto au tanzi baridi?

Saa 10:40 alfajiri

Simu imeitangulia adhana. Ni binti wa nahodha kutoka Lamu. Wamefikia kwa jamaa zao huku Maweni tangu juzi.

"Sista, samahani kwa kukuamsha. Baba ameanza ile dawa ya pili ya kusafisha tumbo, lakini bado yatoka kama chai ya mkandaa. Yatosha?"

Haitoshi. Nimemwambia aendelee kumpa bilauri moja kila robo saa, na ladha ikimshinda amteremshie na maji ya dafu, mpaka yatoke kama mkojo. Nimejaribu kuwaeleza watu rangi hiyo kwa kila namna. Chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, na mkojo ndizo hazijawahi kueleweka vibaya.

Kwa nini mzee wa watu aamke usiku kuharishwa? Kwa sababu dawa ikinywewa yote jioni, kufikia asubuhi utumbo mdogo umeshateremsha ute mzito ukatanda kwenye ukuta wa utumbo mpana, hasa upande wa kulia, kama uji uliosahauliwa sufuriani. Polipu, yaani vile vinyama vinavyoota ukutani na vingine huweza kugeuka saratani, zikiwa bapa hulala chini ya ute huo zisionekane. Nusu jioni, nusu alfajiri, hapo ndipo daktari huona ukuta wenyewe.

Mimi ni muuguzi wa endoskopi. Wagonjwa wetu hawasemi endoskopi, husema "kipimo cha kamera", cha juu au cha chini. Leo ni cha chini. Daktari bingwa anatujia kutoka Mombasa mara mbili kwa mwezi. Yeye ndiye anayeiongoza kamera, lakini waya unaokata polipu unafungwa na mkono wangu. Daktari husema "funga", nami nafunga. Ndiyo maana nina maoni yangu kuhusu waya, na leo mtayasikia.

Saa 1:15 asubuhi

Mahamri mawili na mbaazi kwa mama wa pale kona, tuktuk mpaka kazini. Mbaazi hizo zikumbukeni, zitarudi.

Natandika meza. Kuna koleo, yaani kile kimdomo kidogo chenye meno kinachong'ata nyama kipande kipande. Kuna tanzi baridi, kitanzi cha waya mwembamba sana ambacho hukata kwa kukaza tu, kama uzi unavyokata yai la kuchemsha. Na kuna tanzi la moto. Hilo waya wake ni mnene kidogo, nao huunganishwa na mashine ya diathemi ili umeme ukate huku ukichoma. Tanzi la moto linakuja na ukoo wake wote: mashine, kanyagio la mguu la daktari, na pedi ya kubandika kwenye paja la mgonjwa ili umeme upate njia ya kutokea. Mtu mwenye betri ya moyo kifuani ni lazima tujue kabla.

Utumbo nao una gesi inayoweza kuwaka. Ndiyo sababu hatumsafishi mtu kwa manitoli kabla ya kutumia moto: bakteria wa tumboni huila wakatoa haidrojeni, na imewahi kutokea utumbo ukalipuka mgonjwa akiwa kitandani. Usafi wa tumbo basi si wa macho ya daktari peke yake.

Saa 2:30 asubuhi

Wa kwanza ni mwalimu mstaafu kutoka upande wa Mambrui. Kipimo cha choo kilionyesha damu isiyoonekana kwa macho. Shikamoo, marahaba, prisha, oksijeni, sindano mkononi. Namvalisha kaptura yetu yenye tundu nyuma. Hilo tundu limetuletea wagonjwa wengi kuliko tangazo lolote. Watu wa pwani hawaogopi kipimo, wanaogopa kukosa sitara, na mzee akishajua kwamba hatavuliwa nguo mbele ya wasichana, hulala mwenyewe kwa ubavu wa kushoto bila kusukumwa.

Kamera imefika mwisho wa utumbo mpana, pale tunapoliona tundu la kidole tumbo. Nabonyeza saa. Kazi hasa ni wakati wa kurudi. Tukienda tunapita, tukirudi tunatazama, na dakika za kutazama zisipungue 6 hata kama hakuna kitu.

Kwa mwalimu palikuwa na vitu. Cha kwanza kilikuwa punje ya milimita 2, ndogo hata tanzi lingepata taabu kuikaa. Daktari akaomba koleo. Tonge moja, imekwisha. Hapo sina ubishi, koleo ni zuri kwa kitu kinachoingia chote mdomoni mwake.

Cha pili kilikuwa milimita 5, kimelala ukutani kama kipele. Daktari bado ana koleo mkononi. "Nimalizie na hili hili."

"Daktari, tanzi liko tayari, nimeshalifungua."

Nilikuwa sijalifungua. Nilikuwa nalifungua nikisema.

Shida ya koleo kwenye kipele cha ukubwa huo ni kwamba tonge la kwanza huleta damu, na damu hufunika mpaka kati ya nyama mbaya na nyama nzuri. Tonge la pili unang'ata kwa kukisia. Wakorea walilipima jambo hili mwaka 2013, wakayalinganisha koleo na tanzi baridi kwenye polipu zisizozidi milimita 5. Tanzi liliondoa polipu nzima kwa asilimia 93 na koleo kwa asilimia 76 hivi. Maana yake, karibu robo ya polipu zilizong'atwa kwa koleo ziliacha mizizi. Na mgonjwa ameandikiwa "imeondolewa", kwa hiyo hakuna atakayemtafuta.

Akalikubali tanzi. Likatolewa, likafunguka, akalilaza juu ya polipu pamoja na ukingo wa milimita moja au mbili wa nyama nzima kuizunguka. Ukingo huo ndio siri ya kukata bila moto. Moto husamehe kidogo, kwa kuwa huunguza pembeni. Baridi haisamehi, ulichokiacha nje ya kitanzi umekiacha. "Funga." Nikafunga kwa mkono mmoja usiositasita mpaka nikausikia waya umepita. Hatuinui polipu kuelekea katikati kama tunavyofanya kwa moto. Baridi hukatwa papo hapo ilipolala, mfereji wa waya ukiwa umebana ukuta.

Ya mwisho ilikuwa karibu na kutokea, polipu kubwa yenye shina, kama uyoga, kichwa chake milimita 12. Kwa hii hata mimi niliunganisha nyaya za diathemi kabla sijaambiwa. Ndani ya shina nene kuna mshipa wa damu wa maana, ukikatwa baridi unarusha damu mpaka kwenye kioo cha kamera. Hapo mkono wangu hufanya kazi nyingine kabisa: nafunga mpaka tanzi lishike shina na kulinyima damu, nasimama, daktari anakanyaga, nyama inageuka nyeupe, ndipo naendelea kukaza polepole. Nikikimbia, nimekata kabla ya kuchoma.

Saa 4:10 asubuhi

Wa pili amerudishwa. Bibi wa makamo, mchangamfu, ameapa hajala kitu. Kamera ikaingia sentimita 30 ikakutana na mbaazi, nzima nzima, na nazi yake. Daktari akanitazama kana kwamba nilizipika mimi. Kuna mizani ya kuhesabu usafi wa utumbo, sehemu tatu, kila moja kuanzia 0 hadi 3. Huyu hakufika popote. Tumepanga siku nyingine, na nimemwandikia mume wake kwenye karatasi: siku moja kabla, supu ya maji matupu, dafu, chai isiyo na maziwa. Hakuna mbegu, hakuna sharubati nyekundu, maana tunaiona kama damu.

Saa 5:00 asubuhi

Nahodha.

"Sabalkheri, baba."

"Aheri, mwanangu. Nimeshakuya. Niambie kweli, mutanichoma?"

Umri wake unakaribia sabini, vidole kama kamba za nanga. Anatumia aspirini kwa ajili ya moyo, na hatukumwachisha. Nilimweleza kwamba vitu vikiwa vidogo hatuchomi, tunatega kitanzi. Akacheka mpaka mashine ya prisha ikaharibu hesabu. "Miaka arobaini nafunga tanzi mimi. Leo tanzi latiwa mimi!"

Akanionya pia: kesho asubuhi ana basi. Kutoka Malindi mpaka Mokowe ni safari ya zaidi ya kilomita 200, kisha boti mpaka mui, kama wanavyouita mji wao. Nikalikumbuka jambo la siku nyingi, nitalisema tukifika kwenye chakula.

Polipu ya kwanza ilikuwa pale utumbo unapopinda chini ya ini. Milimita 7, imekaa juu kwenye kioo, mahali pabaya. Daktari akaizungusha kamera mpaka ikashuka chini ya kioo, kwenye namba 6 ya uso wa saa, waya unapotokea. Wanaoanza kazi hawana subira ya kufanya hivyo, wanakata ilipo na kuacha kipande. Tanzi likatua. Nikafunga, na waya ukagoma.

Nilipoanza kazi hii ningebana kwa nguvu zote, au daktari angekanyaga umeme kumaliza. Waya baridi ukigoma, mara nyingi umeshika nyama nyingi mno ya chini. Dawa yake ni kulegeza kidogo, kama unavyolegeza kamba ya tanga upepo ukizidi, nyama iliyoingia bila kualikwa iteleze itoke, kisha kufunga tena. Nililegeza nusu sentimita, nikafunga, ukapita.

Damu ikaanza kuchuruzika. Mtu wa aspirini huyu. Nikauona mguu wa daktari ukilitafuta kanyagio chini ya kitanda, lile lililokuwa limebaki pale tangu kwa mwalimu.

"Maji kwanza, daktari?"

Tukasukuma maji kwenye kidonda. Maji huvimbisha tabaka la chini, mishipa midogo hubanwa, na pia unaona damu inatoka wapi. Tukangoja. Kungoja kidonda kinachovuja mbele ya macho yako ni kazi ngumu kuliko kukata. Dakika ya kwanza inavuja, ya pili inavuja kidogo, ya tatu kuna doa tu. Katikati ya kidonda palikuwa na kinundu cheupe kimesimama. Mgeni angedhani ni mabaki ya polipu, lakini ni nyama ya tabaka la chini iliyovutwa na waya, na haihitaji kufanywa lolote.

Ya pili, milimita 5, tulikuwa tumeshaivika tanzi stima ilipopotea. Taa za chumba zikazima na feni ikafa. Kamera na skrini ziko kwenye betri ya akiba, hazikupepesa. Diathemi haiko kwenye betri, inakula umeme mwingi. Ikazima, jenereta ilipoitika ikawaka na kuanza kulia kama mtoto aliyeamshwa vibaya, inataka kupangwa upya. Sisi tulikuwa tumeshamaliza. Waya baridi haujui kama kuna stima.

Kipande chenyewe kikapotea, sasa. Hilo ndilo kero la tanzi baridi: polipu hubaki imelala, na ukisogeza kamera vibaya inaondoka na maji. Tuliifuata bwawani upande wa chini, tukaivuta kwa mfyonzo, nikaipata kwenye kichujio, punje ya mchele iliyolowa. Isipopatikana hakuna jibu la maabara, na bila jibu hatujui amwone daktari tena lini. Kila moja ikaingia chupa yake ya fomalini, yenye jina na mahali ilipotoka.

Kwenye puru, ule mwisho wa utumbo karibu na kutokea, kulikuwa na vidoa vitatu vyeupe, vidogo sana, vya aina isiyo na madhara. Daktari alivitazama kwa karibu, akabadilisha rangi ya mwanga, akaviacha. Nilifurahi. Kukata kila kinachoonekana nako ni ugonjwa.

Saa 6:20 mchana

Kijana wa bawasiri. Utumbo safi, hakuna polipu. Kachukua muda mwingi zaidi kuvaa viatu.

Saa 7:15 mchana

Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na ubishi. Daktari wangu ni mtu mwungwana lakini alifundishwa kwa moto. Anapenda kutukumbusha kwamba mwaka 1969, huko New York, Hiromi Shinya akiwa na mwenzake William Wolff ndio walioanza kuondoa polipu kwa waya kupitia kamera bila kupasua tumbo, na waya wao ulikuwa na umeme. "Moto humaliza mzizi," husema.

Nikamwambia mzizi umepimwa. Wajapani, mwaka 2018, polipu za milimita 4 hadi 9: baridi iliondoa zote kwa asilimia 98.2, moto 97.4. Hakuna aliyemshinda mwenzake kwenye kukata. Tofauti iko baada ya kukata. Taiwani walichukua zaidi ya watu 4,000, wakatoa majibu mwaka 2023: waliotokwa na damu siku za baadaye ni asilimia 1.5 kwa moto, 0.4 kwa baridi.

"Asilimia moja na kitu," akasema, akichambua miba. "Ni ndogo."

Ni ndogo ukiwa na gari na hospitali iko mtaa wa pili. Hapo nikamkumbusha jambo la siku nyingi. Sikuwa kwenye kliniki hii wakati huo. Mama mmoja wa kisiwa cha Pate alikatwa polipu ya milimita 6 kwa moto, kazi safi, hata tone halikutoka. Akarudi kwao siku ya pili. Usiku wa siku ya sita akaanza kutoka damu. Moto huacha kigaga, na kigaga kikibanduka baada ya siku kadhaa, mshipa mkubwa zaidi uliochomwa chini hufunguka. Ilikuwa msimu wa kusi, bahari chafu, hakuna boti iliyokubali kutoka mpaka kupambazuke. Mwanawe alinisimulia baadaye kwamba walihesabu khanga zilizolowa damu. Alipona, baada ya kuongezwa damu. Na kile kipolipu chenyewe kingeweza kukaa pale miaka mingi kisifanye lolote.

Tanzi baridi huvuja mbele yako, ukiwa na maji na waya mkononi, kisha hukauka. Moto huwa mkavu mezani ukavuja Pate. Kwa mgonjwa wa Malindi mjini ningeweza kuzungumza. Kwa mtu wa visiwani, wa Tana Delta, wa Marafa ndani huko, sina mazungumzo.

Daktari alinyamaza akala. Kisha akasema miongozo ya Ulaya na ya Marekani nayo imekwisha kusema baridi kwa kila kitu kisichofika sentimita moja, na koleo la moto, yaani koleo linalopitisha umeme, lisitumike kabisa. Alikuwa anajua siku zote! Basi mguu ulikuwa unatafuta nini chini ya kitanda?

"Mazoea, sista."

Saa 8:30 mchana

Kusafisha. Kamera hufutwa na kufyonzeshwa dawa palepale kitandani kabla uchafu haujakauka, kisha hupimwa kama inavuja, hupigwa brashi kila tundu, ndipo hulala kwenye dawa ya kuua vijidudu. Ile yetu inataka dakika 12 na hutia ngozi rangi ya kijivu ukivua glavu mapema. Suuza, kausha kwa hewa, tundika wima. Brashi ndiyo kazi, dawa haiui kilichojificha nyuma ya uchafu. Matanzi na koleo vya leo vimeenda kwenye taka za kuchomwa. Ni vya mara moja.

Saa 10:00 jioni

Ruhusa za kwenda nyumbani. Mwalimu amekatwa kwa moto, kwa hiyo hotuba yake ni ndefu: wiki mbili asiende safari ya mbali, asibebe mizigo mizito, na akiona damu yenye mabonge, kizunguzungu, homa au tumbo kukaza, aje mara moja hata kama ni usiku. Maabara ikithibitisha kwamba ile kubwa ni adenoma, aina ya polipu inayoweza kugeuka saratani, atarudi baada ya miaka 3. Akaandika yote kwa mwandiko wa ubao, akapigia mstari neno "mabonge".

Nahodha dalili nilimwambia zilezile, lakini safari daktari amemruhusu. Usiku huu asiendeshe chochote, hata mashua, maana dawa ya usingizi haijaisha kichwani. Aspirini aendelee. "Na tanzi langu?" akauliza. Nikamwambia limetupwa. Alitaka kuliona fundo lake.

Saa 3:10 usiku

Nimeshavua viatu, simu tena. Binti yake.

"Sista, baba amekula, amekwenda choo, hakuna damu. Yuauliza jambo moja. Amekatiwa kiti cha nyuma kabisa, na kule njiani kuna matuta. Hivi vidonda havitafunguka?"

Nikamwambia havitafunguka, lakini amwombe kondakta kiti cha mbele, kwa ajili ya mgongo wake.

Nikasikia sauti ya mzee nyuma: "Mwambie nyuma ndiko kwenye usukani!"